Mashine ya aiskrimu ya bakuli la kugandisha: kwa matunda iko vizuri, ila kaangalie friza yako kwanza

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mkisoma mistari miwili mnakimbia kununua: hii mashine ndogo ya aiskrimu, ile yenye bakuli unaloweka kwanza kwenye friza, ni nzuri, na kwa aiskrimu ya matunda isiyo na maziwa ni nzuri sana tu, ila kama friza yako ni kile kichumba cha juu ndani ya friji ya mlango mmoja usijisumbue, utapata juisi ya baridi na lawama. Sio kwamba mashine ni mbovu. Ni kwamba baridi yote inatoka kwenye friza yako, mashine yenyewe inazungusha tu basi.

Jina la kampuni silitaji, kwanza hizi mashine zimetengenezwa kwa mtindo mmoja, ukiona moja umeziona zote. Kuna kitako chenye mota, kuna bakuli zito la kuta mbili ambalo katikati ya hizo kuta wameziba maji maji maalum yanayoganda, kuna pangaboi la plastiki linalokaa katikati na kuna mfuniko wa plastiki unaoona ndani wenye tundu la kumiminia. Hamna vitufe vya maana, ni kuwasha na kuzima. Yangu bakuli lake ni la lita moja na nusu kasoro, ila usije ukalijaza lote, mwisho ni mililita 900 hivi maana mchanganyiko ukianza kuganda unaumuka kidogo na ukizidisha unapanda hadi unatokea kwenye tundu la mfuniko. Umeme inakula kidogo mno, mota ni ya wati chache, LUKU haitastuka, anayekula umeme ni friza ambayo ungekuwa umeiwasha hata hivyo.

Nilinunua Kariakoo, laki mbili kasoro, na hapa ndo niwape tahadhari maana wauzaji wetu jamani kwa maneno wapo vizuri. Kijana akanikaribisha, "Dada angu chukua hii, haina longolongo, unatia juisi yako unasubiri dakika ishirini unakula aiskrimu." Nikamuuliza, "Kaka, bakuli linakaa friza masaa mangapi?" Akanijibu bila hata kupepesa, "Aa hiyo otomatiki dada, baridi inaleta yenyewe." Haileti. Zinazoleta baridi zenyewe zipo, zina kompresa ndani kama friji, uzito wake kilo kumi na kuendelea na bei yake ni hadithi nyingine kabisa. Kwahiyo ukifika dukani libebe bakuli mkononi ulitikise, ukisikia maji yanacheza ndani ya ukuta jua hiyo ni ya kugandisha. Alafu angalia maandishi chini ya kitako, iandike 220 mpaka 240 volti. Zipo zinazokuja na mizigo ya ndugu zetu wa Marekani, kule umeme wao ni volti 120, ukichomeka kwenye soketi yetu hivi hivi bila transfoma umeiua siku hiyo hiyo. Plagi ya pini mbili hiyo sio shida, adapta zipo kila kona.

Sasa friza. Naomba msome hapa taratibu. Bakuli linatakiwa ligande mpaka ndani kabisa, na ili ligande hivyo friza yako ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Utajuaje? Angalia mlango wa friza, mara nyingi kuna alama za nyota. Nyota moja inamaanisha nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ndo 18, na ikiwa na nyota nne hiyo inafika 18 au zaidi na ina nguvu ya kugandisha vyakula vibichi. Vile vichumba vya juu kwenye friji za mlango mmoja vingi ni nyota moja au mbili, barafu zinaganda sawa, nyama inaganda sawa, ila hili bakuli halitaganda inavyotakiwa hata ulilaze wiki. Mwenye friza ya kulala, ile ya kufunua juu, wewe ndo umeumbiwa hii mashine. Liweke chini kabisa liguse ukuta, lisimame wima, usilibananishe na samaki wa jana ambao bado hawajaganda. Kitabu chake kinasema masaa 16 hadi 24, mi nasema 24 na usibishane, na kama mnafungua fungua friza kutwa nzima sababu unauza barafu za watoto basi liache siku mbili. Kipimo ni kile kile cha dukani: litikise. Likiwa kimya kabisa limeiva, ukisikia hata tone linacheza lirudishe. Na kabla hujanunua pima droo za friza yako kwa futi, maana hili bakuli ni nene na refu, mwenye friza ya droo nyembamba atajikuta halifungi.

Kingine ambacho watu wanaruka ni kupoza mchanganyiko wenyewe. Juisi ya embe iliyotoka kwenye blenda jikoni Dar mwezi wa kwanza ina joto la kuogea, ukiimimina hivyo kwenye bakuli unaumaliza ubaridi wote kwenye kuipoza tu, ikifika zamu ya kuganda bakuli limeshachoka. Ilaze kwenye friji usiku kucha. Na siku ya kuzungusha fanya asubuhi na mapema jiko likiwa bado halijawashwa, utaona tofauti.

Zoezi lenyewe liko hivi. Unatoa bakuli friza, hapo uwe umeshaandaa kila kitu mezani kwasababu kuanzia sasa kila dakika inahesabika, unalikalisha kwenye kitako, unatia pangaboi, unafunika, unawasha KWANZA ndo unamimina. Ukimimina kabla hujawasha juisi inashika ukutani papo hapo na pangaboi linakwama, unasikia tak tak tak, mota inahangaika. Ukifuata utaratibu, dakika tano za mwanzo hamna kinachoonekana, juisi inazunguka tu. Baadae kwenye ukuta inaanza kujikusanya ngozi nyembamba ya barafu, pangaboi linaikwangua linairudisha katikati, ngozi nyingine inajikusanya, inakwanguliwa tena, na ndo siri yote ya hii mashine hiyo, inavyokwangua mfululizo chembe za barafu hazipati muda wa kukua zikawa kubwa. Chembe zikiwa ndogo ulimi hauzisikii, unasikia ulaini. Rangi nayo inabadilika, ile njano iliyokolea ya embe inapauka inakuwa njano ya maziwa wakati maziwa hayamo, ni hewa kidogo imeingia. Dakika ya 20 au 25 mlio wa mota unashuka, unakuwa mzito, na ukichungulia kwenye mfuniko unaona mistari ya pangaboi inabaki bila kujifuta. Zima. Ukingoja zaidi ya hapo huongezi kitu, bakuli linaanza kupoteza baridi na kazi inarudi nyuma.

Hapo inakuwa laini, unaichota na kijiko ikajishika, sio ngumu ya kutengeneza yale madonge ya duara ya kwenye picha. Ukitaka madonge hamishia kwenye kontena liende friza masaa matatu manne.

Na hapa nifike kwenye kitu ambacho ndo kimenifanya niipende hii mashine kuliko nilivyotegemea, na sioni kikisemwa sana. Mi nilikuwa natafuta kitu chepesi, cha kula baada ya wali na nyama kikapita bila kukuelemea, na sitaki sukari ya kumwaga. Tatizo ni kwamba kwenye aiskrimu ya matunda sukari haiko kwa ajili ya utamu tu, sukari ndo inayozuia maji yasigande yote. Maji matupu yanaganda kwenye sifuri, ukiyatia sukari yanachelewa, kwahiyo hata ndani ya friza kali kunabaki umaji maji kidogo kati ya chembe za barafu na huo ndo unaokufanya uweze kuichota. Ukipunguza sukari unapata jiwe. Ndo maana wanaotengeneza hizi vitu kwa ustadi wanataka sukari yote kwa pamoja, ya kwenye tunda na ya kuongeza, ifike kama robo ya uzito wote mpaka asilimia 30. Ni nyingi! Watu wanasema aiskrimu ya matunda ni nyepesi, ndio, mafuta hamna, vanila ya kawaida ya dukani ina kalori kama 200 kwa gramu 100 na hii ya embe nikipiga hesabu inakuja karibu 100, lakini sukari imo tena ya kutosha, mwenye kisukari nyumbani asidanganywe na neno matunda.

Sasa ukila moja kwa moja kutoka kwenye mashine, ile dakika ya 25, ujiwe haujapata nafasi ya kutokea. Kwahiyo unaweza kukata sukari nusu, ukiwa na embe lililoiva sawasawa unaweza hata kutotia kabisa, na bado inakuja laini mradi iliwe pale pale mezani. Kwa njia ya friza tu hilo halifanyiki. Kwangu hii ndo sababu ya kununua. Ukitaka ya kuweka wiki nzima weka sukari kamili, ukitaka nyepesi kweli washa mashine watu wakiwa wanamalizia kula, waoshe mikono, waletewe.

Haya tuje kwenye matunda maana hapo ndo patamu. Embe dodo kwangu haina mpinzani. Vipimo vyangu ni gramu 800 za nyama ya embe (bila kokwa wala ganda, kwahiyo nunua karibu kilo moja na nusu), sukari gramu 150, maji mililita 150, ndimu moja kubwa, chumvi chembe mbili tatu. Sukari na maji unachemsha iyeyuke tu unaacha ipoe, kisha kila kitu kwenye blenda, chuja kama embe lako lina nyuzi, alafu friji, na siku ya kumimina ishia kwenye zile mililita 900, inayobaki inywe. Hii ni ya kuweka, ya kula papo hapo weka sukari 70 au chini. Embe liwe limeiva hadi kwenye kikonyo linanukia, lile la kukatia achari hapana. Na ukishapakua nyunyizia juu chumvi na pilipili ya unga, kidogo, kama wanavyofanya kwa embe za kukata barabarani. Watoto watakukatalia, wakubwa wataomba tena. Wa pwani mnaweza kutia hiliki ya kusaga badala yake, mama mkwe wangu hataki kuisikia ile ya pilipili ila ya hiliki anaulizia imebaki.

Kitu kimoja, onja mchanganyiko kabla haujaganda na uhakikishe ni mtamu kupitiliza kidogo na mchachu kupitiliza kidogo, baridi inaua ladha mdomoni, kinachoonekana kiko sawa kwenye glasi kikiganda kinapooza.

Pesheni ni nzuri hadi basi ila ni chachu, juisi iliyochujwa mililita 300, maji 300, sukari gramu 200. Hii ya kupunguza sukari sahau. Mbegu rudisha kijiko kimoja kwa ajili ya macho. Kwa mchanganyiko mwepesi kama huu wa pesheni au chungwa kuna kipimo cha zamani cha yai, chukua yai bichi na ganda lake, lioshe na sabuni vizuri, litumbukize: likizama kabisa sukari haitoshi, likielea likaacha nje kipara cha ukubwa wa sarafu umepatia, likitoka nje zaidi ya hapo sukari imezidi, ongeza maji. Kwa embe haifanyi kazi maana uji wa embe ni mzito, yai litakaa popote.

Sasa ubuyu. Hapa jamani ndo nataka mnisikilize, maana maelekezo mengi yanayokuja na hizi mashine ni ya stroberi na rasiberi, matunda ya watu huko. Ubuyu ule mweupe wa mbegu, sio wa rangi wa kula, unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu saa, unauvuruga kwa mkono au mwiko mpaka unga wote utoke kwenye mbegu, unachuja. Unapata uji mweupe mzito. Tia sukari mpaka ukolee, vanila au hiliki, ndimu huhitaji, zungusha. Inayotoka pale ni laini kuliko zote nilizowahi kutengeneza, mtu anaweza kuapa umeweka krimu. Sababu ni kwamba ubuyu una pektini nyingi, kile kitu kinachofanya jamu ishike, na pektini inayashika maji yasikimbilie kuwa chembe kubwa za barafu. Kila mtu hapa mtaani alikua akila barafu za ubuyu za kwenye kimfuko, unang'ata kona unafyonza, rangi inaisha unabaki na barafu nyeupe haina ladha. Hii ni ubuyu ule ule ila utamu haukimbii. Mapera nayo yana hiyo tabia, yachemshe kidogo uyachuje mbegu.

Ukwaju sukari nyingi, chumvi kidogo, pilipili manga ukipenda, safi. Nanasi la Kiwangwa na tangawizi, safi pia, ila usichanganye nanasi bichi na maziwa ukayaacha, yanakuwa machungu. Tikiti maji sijalikubali, ni maji karibu yote, bila sukari nyingi linakuja na chembe chembe, kula tikiti kama tikiti. Parachichi tamu lakini lina mafuta, basi sio habari ya leo. Stafeli tamu mno, ila kutoa zile mbegu na nyuzi ni kazi ya mtu aliyegombana na wenzake anataka kukaa peke yake.

Ubaya wa mashine. Wa kwanza, mkupuo mmoja tu kwa siku. Ukishazungusha, bakuli limekwisha, linarudi friza kesho ndo tena. Kwa familia ya watu wanne inatosha, wakija wageni wa futari haitoshi, na bakuli la ziada kuuziwa peke yake hapa mjini nimelitafuta sana sijaliona, wanakwambia chukua mashine nyingine. Wa pili, kelele, sio kelele za blenda ila ni mlio wa kusaga usiokatika kwa dakika 25, ukiwa na mtoto amelala chumba cha jirani fikiria. Wa tatu ni pangaboi lenyewe, plastiki yake nyepesi, na kati ya ncha yake na ukuta kuna upenyo, ile ngozi ya mwisho ya barafu haikwanguliwi inabaki inaganda mpaka inakuwa gome gumu. Usiligombeze na kijiko cha chuma! Ukilikwaruza bakuli ndani umelijeruhi, na likija kutoboka yale maji ya kwenye ukuta yakivuja ndo mwisho wake. Mwiko wa mbao au wa mpira, na harakaharaka.

Kuosha: subiri baridi iishe mpaka lirudi joto la kawaida, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, likauke KABISA kabla ya kurudi friza, unyevu ukibaki unaganda ukutani na siku nyingine pangaboi linakwama. Usilimwagie maji ya moto likiwa limeganda, na dada wa kazi mwambie hivyo hivyo mapema, sio aambiwe likishapasuka.

Je unaihitaji? Kama una blenda yenye nguvu za kweli, jaribu kwanza hii bila kutoa hata senti: kata embe au ndizi mbivu vipande vidogo, vitandaze kwenye sinia vigande usiku mmoja, kesho viache mezani dakika kumi vilegee, saga na vijiko viwili vya juisi ya baridi. Ndizi peke yake inatoka laini ajabu hata sukari haitaki. Ila blenda iwe na nguvu, hizi za elfu thelathini mota inanuka kabla embe halijasagika. Wenzetu wa Ulaya na Marekani saivi wana Ninja Creami, ilitoka 2021, yenyewe unagandisha kikopo kizima masaa 24 kiwe jiwe ndo kisu kinashuka kukinyoa, shemeji yangu aliyeko Muscat anayo na hasikii haambiwi, kwa watu wa sukari kidogo wazo lake ni zuri sana maana kisu hakijali ugumu. Bei yake ikishasafirishwa mpaka huku ndo inakurudisha kwenye hii yetu.

Na njia ya kale zaidi, barafu na chumvi. Mwanamke mmoja wa Philadelphia, Nancy Johnson, alipewa hataza mwaka 1843 ya mashine ya aiskrimu ya kuzungusha kwa mkono, ndoo nje imejaa barafu na chumvi, chombo ndani kina mchanganyiko. Barafu ukiitia chumvi inayeyuka huku inavuta joto pembeni yake, inaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, yaani baridi kuliko friza yako ya nyota tatu. Kwahiyo mwenye friza dhaifu hajanyimwa: nunua barafu ya mabonge, ile wanayowekea samaki, ipondeponde kwenye beseni, tia chumvi ya mawe kama kilo moja kwa kila kilo tatu za barafu, kalisha sufuria nyembamba ya chuma humo ndani yenye juisi yako iliyopozwa, koroga na mwiko huku unakwangua kuta. Mkono utauma ila aiskrimu utakula, na umeme ukikatika siku ya sherehe ndo mkombozi. Angalia tu yale maji ya chumvi yasirukie ndani ya sufuria, na usiyashike na mikono mitupu, baridi yake inaunguza.

Umeme ukikatika na wewe una aiskrimu imeshaganda, friza iliyojaa isipofunguliwa inashikilia baridi muda mrefu tu, hata siku mbili, ila ikishalegea ikaganda tena inakuwa na chembe chembe. Haijaharibika kama ilikuwa bado ya baridi, ikwangue kwa uma uile hivyo hivyo kwenye glasi, wa Sisilia wanakula ya kukwanguliwa hivyo makusudi. Kuhifadhi tumia kontena la chini pana, bandika nailoni juu ya aiskrimu yenyewe sio juu ya kontena, iliwe ndani ya wiki. Kuitoa dakika tano kabla zinatosha kwa joto letu, vitabu vinavyosema dakika 15 vimeandikwa kwenye baridi.

Kwa biashara usinunue hii. Mkupuo mmoja kwa siku huwezi kumlipa nao mtu, tafuta ya kompresa. Kwa nyumba yenye friza ya kulala na watu wanaopenda matunda mi naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa ajili ya lile pangaboi na kwa kutokuuza bakuli la ziada. Kama kuna anayejua duka lenye bakuli peke yake la kipimo hiki, Dar au hata Mombasa, anitajie na bei.